Nyawira, Nani Yuko Kazini?

Nyawira,

Nimekukasirikia. Wacha nianze hapo, kwa sababu wengine wote walianza na "pumzika mama" na "tutakukumbuka daima," na mimi najua vile ulikuwa unachoka haraka na maneno ya sukari. Nimekukasirikia tangu siku tulikuzika na bado sijapoa. Juzi nilikuwa nafua shuka za wageni nikiongea na wewe kwa sauti, mpaka Halima akachungulia kwa mlango wa chumba cha dobi akaniuliza, "Mama Wanja, uko na nani?" Nikamwambia niko na wewe, Mama Kariuki, na tunagombana. Alirudisha mlango polepole akaenda zake kupanga vyumba.

Ulikuwa bado uko mochari Nyeri wakati mdosi, mwenye hoteli, aliniita ofisini. Nikafikiri anataka kuniuliza watoto wako wanaendeleaje, ama kama kamati ya mazishi imekaa. Wapi! Alinisukumia ile karatasi kubwa ya ratiba ya zamu, na rula, na penseli yako. Akasema, "Wewe ndiye ulikuwa unakaa na yeye Jumapili, unajua vile alikuwa anapanga. Utaendelea." Kama mtu anaambiwa aendelee kumwagilia maua! Nilichukua kwa sababu nilikuwa nimelia mpaka sina nguvu ya kubishana na mtu.

Na ni kweli nilikuwa nakaa na wewe. Jumapili baada ya kanisa, kwa ile meza ya kupigia pasi, chai kwa flaski, mimi nakunja taulo na wewe unachora mistari. Watu walikuwa wanakuja mmoja mmoja na shida zao, kila mtu na yake. Wambugu wa jikoni anataka ofu, asiingie kazini, siku ya soko Karatina, kwa sababu mke wake hawezi kuinua magunia ya karoti peke yake. Halima anataka Ijumaa aingie asubuhi ndio saa saba awe ametoka aende msikitini. Yule wa kutoka Chaka hataki kufunga baa, kwa sababu akitoka hapa Naro Moru hapati gari ya kumpeleka nyumbani. Mwingine amegombana na mwenzake, ati usimweke zamu moja na yeye, atamtupia sufuria. Na wewe unasikiza, unafuta, unaandika, unasema lile neno lako, "Itapatikana." Hukuwahi kumwambia mtu hapana. Mtu alikuwa anatoka hapo akitembea kama amepewa shamba.

Mimi nilikuwa nakuona fundi. Nilikuwa nakusifu kwa watu! Nikiwaambia, Nyawira anaweza kupanga watu wachache mpaka hoteli nzima inajaa. Kumbe.

Kabla sijafika hapo, lazima nikuambie juu ya mazishi yako, kwa sababu hukuona na najua hakuna mtu amekuambia ukweli.

Wiki hiyo kila mtu alisema anaenda kumzika Mama Kariuki. Kila mtu. Na mimi ningemkataza nani? Wambugu, uliyemshikia zamu wakati mama yake alilazwa? Halima, uliyemshikia Ramadhani yote zamu ya jioni ndio akafuturu na watoto wake? Kila mmoja alikuja akaniambia, "Mama Wanja, mimi lazima niende," na mimi nikaandika ofu, ofu, ofu, mpaka chini. Hakuna mtu aliangalia karatasi akashtuka. Hata mimi. Hata mdosi aliweka sahihi yake hapo chini. Tulikuwa tumezoea kwamba siku sisi wote tuko na shughuli, kuna mtu atabaki. Huyo mtu hatukumtaja. Ilikuwa tu inajulikana yuko.

Basi tukajaa kwa gari ya hoteli na ile matatu ya kukodisha, tukaenda kwenu huko Kieni. Vumbi, upepo, kina mama wa kanisa na vitambaa vyao, wimbo baada ya wimbo. Kariuki alisoma historia yako bila kulia, ameiva yule kijana. Halafu mdosi akapewa nafasi ya kuongea. Nyawira, nilitamani uamke. Alisimama na koti yake nyeusi akasema, "Huyu mama miaka yote hakuwahi kukataa kazi. Ukimpigia, anakuja. Hata ofu yake alikuwa anaitoa. Wafanyakazi wa siku hizi wajifunze kutoka kwake." Na watu wakasema amina! Wewe umelala hapo kwa sanduku, presha imekumaliza, na watu wanasema amina!

Alikuwa hajakaa vizuri simu yake ikalia. Nilimwona akienda kando ya migomba, akirudi mbio. Alinivuta mkono, akaniinamia, akaninong'oneza, "Nani yuko kazini?"

Nikafungua mdomo nimtajie. Na Nyawira, nilikuwa nataka kusema wewe. Ngai! Jina lako lilikuwa limefika kwa ulimi. Nikaangalia kaburi, nikamwangalia, nikasema, "Hakuna mtu."

Kumbe kulikuwa na kikundi cha wageni kimeshuka mlimani, na baridi, na njaa, na mabegi yao yamelowa, na wapagazi wao wamesimama mlangoni wanapiga kengele. Jikoni kumefungwa. Soja wa lango peke yake ndiye alikuwa hapo, anawaambia "pole, pole." Mtu mmoja tu duniani angekubali kubaki kazini siku ya mazishi ya Nyawira, na ndiye tulikuwa tumekuja kuzika.

Mdosi alinirudisha Naro Moru saa hiyo hiyo. Walikuwa hata hawajaanza kuteremsha sanduku. Mimi, Muthoni, niliyesukana nywele na wewe tukiwa wasichana, sikukutupia mchanga. Nilikuwa nawakaangia watu mayai. Nilikaanga nikilia kwa hasira, na mmoja wao akanionea huruma akafikiri ni kitunguu.

Sasa uniambie kama sina haki ya kukasirika.

Halafu Jumapili iliyofuata nikakaa kwa meza ya pasi peke yangu, nikachora mistari yako, nikaanza kupanga. Watu hawakutosha. Nikafuta nikaanza tena. Nilifikiri ni mimi sijui, kwamba kuna njia ulikuwa unatumia. Nikampeleka huyu asubuhi, yule jioni, nikakumbuka kwamba mtu akitoka usiku hawezi kushika asubuhi, nikafuta tena mpaka karatasi ikatoboka. Na ndio nikaona. Hakukuwa na njia yoyote. Hii hoteli imekuwa na upungufu wa watu tangu ilifunguliwa, na wewe ndiye ulikuwa kiraka. Ulikuwa unapanga kila mtu mahali pake, unampa kila mtu ofu yake, halafu pale panabaki wazi unajitia wewe mwenyewe. Mapokezi, wewe. Dobi, wewe. Jikoni Wambugu akiwa Karatina, wewe. Asubuhi na jioni ya siku moja, wewe na wewe.

Na hukuniambia! Mimi niliyekuwa nakunja taulo hapo kando yako! Nilikuwa nakuona umevimba miguu nakuuliza, "Nyawira, kliniki ya presha ulienda?" Unanijibu, "Nitaenda wiki ijayo, wiki hii iko na watu wengi." Wiki ijayo, wiki ijayo. Siku ya kliniki yako ndiyo ulikuwa unagawia watu kama peremende. Mpaka ile asubuhi tukakupata chini ya kamba za nguo, shuka imekufunika nusu, mdomo umeenda upande, na unajaribu kuniambia kitu na hakitoki.

Nilimwendea mdosi. Nikamwambia, hii ratiba inataka watu wengine wawili, hakuna ujanja. Unajua alinijibu nini? "Nyawira aliweza na hao hao. Wewe unashindwa na nini?"

Hapo ndipo nilikukasirikia kabisa. Yeye nilikuwa nimemjua, huyo hanishangazi. Wewe ndiye uliyemfundisha kwamba inawezekana. Ulimfichia. Kila Jumapili ulikuwa unampelekea karatasi imejaa, safi, mistari imenyooka, na yeye anaona hoteli yake haina shida. Sisi tulikuwa tunakuita mama wa huruma, na huruma yako ilikuwa inatuponza sote. Kwa sababu ulipoenda, yeye hakutafuta mtu wa kuchukua kazi yako. Alitafuta mtu wa kuwa wewe.

Na nilianza kuwa wewe, wacha nikuambie. Nilijiandika mapokezi Jumanne. Halafu dobi Alhamisi, Halima akiwa na mtoto mgonjwa. Halafu nikashika dabo, asubuhi na jioni, halafu dabo nyingine. Nilianza kusema "Itapatikana," kwa sauti yako kabisa, mpaka Wambugu akanitazama vibaya. Na siku moja hapo kwa kamba za nguo, mahali pale pale, kichwa kikazunguka nikashika mlingoti. Nilisimama hapo nikashikilia, nikasema, haki Nyawira, unaniita?

Siji. Hapana. Niko na Wanja yuko kidato cha tatu.

Basi Jumapili ya wiki mbili zilizopita nikakaa kwa meza. Wambugu alitaka Jumamosi, wakwe wanaleta ruracio, mahari ya msichana wake, na ruracio ya mtoto wako hupati mara mbili. Halima alitaka hiyo hiyo, dadake anaolewa Majengo. Wengine walikuwa wameshika dabo wiki nzima na macho yamekuwa mekundu. Nikawapa. Mimi mwenyewe nilikuwa na zamu ya asubuhi, nikaiandika, na jioni nikajiandikia nyumbani. Ikabaki Jumamosi jioni, mapokezi na vyumba, wazi. Nikaitazama sana hiyo nafasi. Halafu nikachukua kalamu ya wino, si penseli, nikaandika jina la mdosi. Majina yake yote mawili. Nikabandika ukutani jikoni.

Jumatatu alisoma. Weee! Alikuja na hiyo karatasi ameing'oa. "Huu ni mchezo gani, Mama Wanja?"

"Si mchezo," nikamwambia. "Watu wameisha."

"Nyawira angefanya."

"Nyawira alifanya. Wewe mwenyewe ulisema, kwa kaburi lake."

Alikunja ile karatasi. Halafu akaniambia anaweza kunifuta kazi leo hii. Nikamwambia afute, lakini Jumamosi atakuwa na mapengo mawili. Nilikuwa naogopa, Nyawira, usifikiri nimekuwa simba. Lakini nilikuwa na hasira ya miezi, na hasira inasaidia mtu kusimama.

Jumamosi nilimaliza zamu yangu, nikavua aproni, nikachukua kikapu. Yeye alikuwa amefika, amekaa mapokezi na viatu vyake vya kung'aa. Nikamwambia kwaheri mdosi, usiku mwema. Nikaenda nyumbani nikapika githeri na sikulala vizuri, nakuambia ukweli. Nilikuwa nangoja simu.

Soja ndiye alinieleza. Wageni waliteremka mlimani, baridi imewamaliza, wakaitisha maji ya moto. Mdosi akafungua mfereji, akangoja, akafungua mwingine. Hajui kwamba lile tangi la maji linawashwa kwa kuni, na kwamba mtu wa mapokezi ndiye huenda nyuma kuliwasha. Hoteli ni yake na hajui! Alibeba kuni mwenyewe, na koti. Akatafuta taulo hajui ziko wapi. Akatandika kitanda mgeni amesimama anamwangalia. Baadaye soja alimpata amekaa kwa ngazi, amevua viatu, anajisugua miguu.

Jumapili hatujatoka hata kanisani, simu. Si matusi. Sauti ya chini kabisa. "Mama Wanja, kuna mtu unamjua anatafuta kazi? Tafuta wawili."

Siku moja, Nyawira. Siku moja tu! Hatukugoma, hatukuenda kortini, hakuna mtu alipiga kelele. Nafasi moja ya Jumamosi jioni, ambayo wewe hukuijaza na mimi sikuijaza. Miaka yote hiyo ulijilaza hapo wewe mwenyewe, na ilikuwa inataka siku moja. Ungemwachia mara moja tu ajisugue miguu yake, ungekuwa hapa sasa, unakunywa chai yako ya tangawizi na kunicheka vile nakunja taulo vibaya. Hiyo ndiyo siwezi kukusamehe. Nimejaribu leo kanisani na nimeshindwa.

Wasichana wawili wanaanza kesho. Mmoja ameshaniuliza kama anaweza kupata ofu Jumatano, lakini hiyo Jumatano nimeichukua mimi, naenda kliniki, na nimeiandika kwa wino kabla ya jina la mtu yeyote. Nilimwambia hapana. Alishtuka kidogo, akasema sawa, akaomba Alhamisi. Hakufa.

Ninakuahidi hivi: hakuna mtu ataziba shimo la huyu mdosi kwa mwili wake tena, si mimi, si Halima, si hawa watoto wanaoanza. Likibaki wazi, libaki wazi. Na Kariuki nitamwangalia, usiwe na wasiwasi, hata kama mama yake amenikosea hivi.

Lala sasa, rafiki yangu. Ratiba ya wiki hii imekamilika, na wewe sijakuandika popote.

Muthoni