Mizani Barazani Kwangu

Jumatatu, 3 Mei 1954
Baridi. Nimefagia baraza, benchi nimeliegemeza ukutani. Kila Jumatatu nesi Tabitha anapimia watoto wa Ilomba hapa kwangu. Mizani ameazima dukani kwa Bwana Salum, ile ya maharage. Mzee Mwakalinga alipita akasema, "Nesi, nikatie ratili mbili, za paja." Nesi akamjibu, "Hawa hawauzwi, baba. Ila wewe ukitaka kuuzwa, panda." Akina mama walicheka mpaka watoto wakaacha kulia.
Mke wangu angecheka kuliko wote.

Alhamisi, 6 Mei
Jirani ameniletea mjukuu wangu Ambokile nimwone. Miguu imevimba. Nywele zimekuwa nyekundu. Hacheki. Nyumba yao ni hapo nyuma, ng'ambo ya migomba, lakini mama yake hajamleta kwenye mizani hata mara moja. Nimeogopa.
Kumwuliza siwezi. Sisi Wanyakyusa, baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani wala hawasemezani. Mwanangu Asajile yuko Makongolosi, machimboni. Zamani maneno yalipita kwa marehemu mke wangu. Alisimama katikati ya migomba, akageuka huku, akageuka kule. Tangu tumzike, hakuna wa kutupitishia.

Jumatatu, 10 Mei
Watoto wengi. Ambokile hayupo. Nilimwambia nesi kwamba mkwe wangu ni mzembe. Yeye ni Mhehe wa Iringa, desturi zetu anazijua kwa kuuliza.
"Baba, siku ya mizani wewe unakaa wapi?"
Nikasema hapa hapa kwenye benchi, nawakaribisha watu.
Akageukia migomba, upande wa nyumba ya mkwe. Kumbe ni mimi. Ukarimu wangu ndio uliomfungia njia. Nesi hakunilaumu. Aliomba tu nimwonyeshe mlango wa mkwe.

Jumanne, 11 Mei
Nesi amekaa jikoni kwa mkwe hadi mchana. Nilisikia kinu. Alipotoka alinieleza. Ambokile ameachishwa ziwa, anakula uji mtupu wa mahindi. Wametwanga karanga na maharage pamoja, wakampikia. Maziwa ya ng'ombe wangu yanatakiwa kila asubuhi. Mkwe hakuyaomba kwa sababu hakuwa na wa kumtuma.
Hilo limeniuma sana. Maziwa mengine nilikuwa nampa jirani.

Ijumaa, 14 Mei
Mvua. Uso wa mtoto umeanza kuvimba. Nesi amekuja na mwavuli kuwapeleka hospitali, mtoto na mama yake. Njia ya nyuma imejaa tope. Nilijifungia ndani, nikafunga na dirisha, ili wapite mbele. Nilisikia nyayo. Mtoto hakulia.
Sijala.

Jumatano, 19 Mei
Nesi amepita. Ambokile amekunywa maziwa, hakutapika. Basi.

Jumatatu, 24 Mei
Wamerudi. Mizani sasa iko uani kwa Bi Zuhura, mke wa Bwana Salum. Nimebeba benchi langu nikaliacha mlangoni, nikaondoka kwenda shambani. Bi Zuhura anasema wamekuja wake vijana ambao hawajawahi kuonekana kwenye mizani. Kila mmoja alikuwa na baba mkwe wake wa kumkwepa barazani kwangu.
Nimeona wasomi wakija hapa, wakituambia desturi zetu ni ujinga, wakaondoka, wakatuacha tulivyo. Nesi hakuitukana desturi yetu hata kwa neno. Aliizunguka kwa adabu, kama mtu anayepita penye matanga. Kisha akaingia jikoni, akashika mchi. Sijui kama walimfundisha hivyo chuoni, au ni mama yake.

Jumapili, 6 Juni
Jua kidogo baada ya ibada. Nesi ameniletea Ambokile. Miguu imerudi kuwa miguu. Alizivuta ndevu zangu, akazionja, hakuzipenda. Nesi alisema mkwe anashukuru. Nikasema mwambie nami nashukuru.
Akanipakatisha mtoto, akaenda zake kwa mgonjwa mwingine.
Mtoto alilala. Mguu wangu ulikufa ganzi. Nikauacha.