Njugu Kwenye Kisahani

Kisegi,
Wilaya ya Suba.
17 Agosti 1997

Mpendwa Nyanchama, Mama Liz,

Nakusalimu kutoka huku ziwani. Hujambo wewe, na shemeji Paul, na Liz ambaye sijamwona hata kwa picha? Nasikia Paul siku hizi anauza mbuzi soko la Ogwedhi. Huku tunajiuliza nani humfungia kamba, maana tangu nimjue hajawahi kufunga fundo likakaa. Natumaini ile malaria imekuacha.

Sisi mwilini ni wazima. Chrispine bado anaenda majini, ingawa gugumaji limejaa ufukweni na mashua zinachelewa kutoka. Mama mkwe wetu analalamika magoti. Mvua ilitosha, mahindi yalikubali, na njugu zilijaa magunia mawili. Yako kona ya jikoni, yamefungwa, na mimi hupita upande mwingine.

Najua hukutarajia barua yangu. Karibu miaka mitatu sijakuandikia, na siku mlipoondoka sikutoka nje kukuaga. Naandika kwa sababu ya Liz wako, lakini itabidi nianzie kwa Scovia wangu.

Desemba ile ya 1994 unaijua mpaka siku mlipofunga virago. Scovia alikula viazi vitamu na njugu za kukaanga mlangoni kwako. Kabla hajamaliza midomo ikavimba, mwili ukatoka mabaka, akatapika. Mama mkwe akasema una sihoho, lile jicho ambalo likimtazama mtoto akila, chakula hukwama tumboni na kumla. Wewe ulikuwa Mkisii katika boma la Wajaluo, na Kiswahili chetu sisi wawili ndicho kilichokuwa mdomo wako pale nyumbani. Mimi ndiye niliyepaswa kukutetea. Nilinyamaza.

Jioni ile akaitwa yule mama wa kutoa chakula kilichokwama tumboni. Alimchanja Scovia tumboni kwa wembe, akafyonza, akatema kwenye kisahani changu. Tukaona vipande vya njugu. Sijui alivitoa wapi, lakini sote tuliviona, Nyanchama, na katika watu wazima wote waliojaa mle ndani hakuna hata mmoja aliyesema, basi mtoto huyu asipewe njugu tena. Tulisema tumeliona jicho lako. Kesho yake mkaondoka.

Yaliyofuata hukuyaona. Scovia alipata nafuu ila alikuwa mnyonge. Siku ya tatu nikampikia uji wa kumrudishia nguvu, wimbi na maziwa, na njugu nilizosaga mwenyewe, kikombe kizima, maana nilitaka ainuke haraka. Akasema, "Mama, inaniwasha kwa koo." Nikamwambia anywe, aache kudeka. Alikunywa wote. Hatukufika kituo cha afya. Tukiwa njiani mama mkwe alisema, "Jicho ya huyu mwanamke bado iko ndani," na mimi nikaitikia kwamba ndiyo.

Tulimzika na maneno hayo, na jina lako likabaki hivyo kijiji kizima.

Sasa kuna Byron. Alizaliwa mwaka uliofuata, hajatimiza miaka miwili. Mwezi uliopita nilikuwa nabambua njugu, yeye amekaa miguuni pangu, akatia moja mdomoni. Nikaona midomo ile ile. Mabaka yale yale. Kisha kifua kikaanza kupiga filimbi. Mama mkwe alikuja mbio akiuliza nani amemtazama mtoto. Hapakuwa na mtu, Nyanchama. Tulikuwa mimi na yeye tu. Chrispine akatupakia kwenye baiskeli akapiga pedeli mpaka mnyororo ukalia.

Daktari tuliyemkuta kituo cha afya anaitwa Makori, mtu wa kwenu. Alimdunga Byron sindano ya paja, na baada ya dakika chache mtoto akalia kilio cha kawaida. Makori akaniuliza, "Mama, leo amekula nini? Si jana. Leo." Nikasema njugu. Akasema hiyo ni aleji, mwili wa mtoto unaikataa njugu kana kwamba ni sumu. Akauliza kama kuna mtoto mwingine nyumbani aliyewahi kuvimba hivyo. Nikasema hakuna. Akaandika. Alipofunga kadi nikasema alikuwepo, nikamweleza habari ya uji. Aliweka kalamu chini akatazama dirishani.

Tangu siku hiyo sisikii kitu moyoni. Napika, nafua, nacheka mtu akinichekesha. Nilidhani nitalia na bado sijalia. Huwa najikuta nimeshika mwiko na maji yamekaukia sufuriani.

Aliyonifundisha nakuandikia kama nilivyoyashika. Dalili huja upesi, mara nyingi ndani ya dakika chache, au saa moja mbili hivi. Si njugu tu, hata mayai, maziwa au samaki vinaweza kumkataa mtoto. Ikiwa ni kuwashwa na vipele kidogo, mwondolee hicho chakula, mpe dawa ya maji aliyoandikiwa na daktari, na usimwache peke yake. Lakini sauti ikikauka, ulimi ukivimba, pumzi ikipiga filimbi, au akitapika na kulegea, hiyo dawa haitoshi. Ni kukimbia penye sindano. Usimtapishe na usimlazimishe maziwa. Mlaze, au kama pumzi inamshinda mwache akae. Na usimwonjeshe tena ili kuona kama kweli, kwa sababu mara ya kwanza inaweza kuwa ndogo na ya pili ikawa ya Scovia.

Byron ana sufuria yake na kijiko chake. Walimu wa Sunday school nimewaambia wasimpe kitu, hata biskuti.

Makori anasema aleji wakati mwingine hutembea katika familia, si lazima, na Liz ni damu ya Paul kama Byron alivyo damu ya Chrispine, na hao wawili wamenyonya titi moja. Kama ameshakula njugu na hakuna kitu, mwache ale, usimnyime bure. Kama hajala, usianze nyumbani. Mpeleke kwanza kwa daktari, umweleze habari ya Scovia.

Lakini kuna jambo lingine linaloniogopesha zaidi. Mwezi wa Mei Chrispine alikutana na Paul mjini Migori. Paul alimwambia kwamba Liz akila, wewe humwekea sahani ukageukia ukutani mpaka amalize. Kwamba hata mtoto wa jirani akija na ndizi mkononi unaingia ndani. Nilipoambiwa hayo wakati ule niliona ni vizuri. Ndivyo nilivyokuwa, dada yangu.

Jumapili iliyopita, wakati wa matangazo kanisani, nilisimama. Nikasema Nyanchama hakumuua mtoto wangu na hana jicho lolote, uji niliupika mimi. Nilisema kwa Kijaluo ili mama mkwe asikie vizuri. Mzee wa kanisa alikohoa akatangaza mkutano wa akina mama. Sasa watoto wa jirani wakisogea jikoni kwangu mama zao huwaita. Siwalaumu, zamani nami ningewaita wangu hivyo.

Siandiki ili mrudi. Msamaha pia siombi kwa barua. Nitakuja Ogwedhi kuuomba Byron akipata nguvu, na ukinifungia mlango nitaelewa.

Msalimie Paul, na kaka yako Mochama aliyewapokea. Chrispine anawasalimu sana. Mama mkwe hajatuma salamu, ila juzi aliuliza Liz ana meno mangapi. Mungu awafunike hapo mlipo, na mtoto akue akuzidi urefu.

Kama moyo hautaki, usinijibu. Lakini leo Liz akikaa kula, kaa mbele yake. Mtazame midomo, mtazame shingo, msikilize pumzi, mpaka amalize. Mimi ndiye niliyekufundisha kugeuza uso. Geuka, Nyanchama, mtazame mtoto wako.

Ni mimi niliyekukosea, na nakupenda,
Leonida