Lori la Baba Halishiki Rangi

Majengo,
Sumbawanga.
14 Juni, 1981

Mpendwa mdogo wangu Lukmani,

Assalaam aleikum. Shikamoo yako naihesabu nimeshaipokea: marahaba. Hujambo huko Ujerumani? Kifua kimepona? Unakula vizuri, au ni mkate tu asubuhi na jioni? Wanasema huko sasa ni kiangazi. Sisi huku baridi ndiyo inatutafuna, na upepo wa Juni unamwaga vumbi hadi ndani ya sufuria. Mimi mwili mzima. Roho ndiyo haijatulia, na sababu ni lile boksi lako.

Nikuambie habari za Baba kwanza. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia daktari alilipima Januari, akaniita pembeni akaniambia mwanga wake utaondoka wakati wowote, na dawa ya kuurudisha hakuna. Baba anajua, ila hasemi. Aliniomba jambo moja tu: alione lori lake kabla giza halijaingia. Picha yake pekee ililiwa na mchwa, na lori lenyewe liliuzwa vyuma chakavu, wewe unajua. Ndiyo maana nilikuandikia ututafutie dogo la plastiki, la kuunganisha, lifananalo nalo. Na ndiyo maana kila siku inayopita naihesabu.

Maana rangi haishiki, Lukmani! Kuliunganisha hakukunisumbua, gundi yako ni nzuri na karatasi ya maelekezo ina michoro. Lakini plastiki ni nyeupe pe, na la Baba lilikuwa la kijani, kwenye paji lake limeandikwa WASIWASI WA NINI. Nikimpa lori jeupe nitakuwa nimempa lori la mtu mwingine.

Nilikwenda kwa Beda, yule Mfipa wa kijiji cha Kate anayepaka magari rangi pale gereji nyuma ya soko. Akanipa praima ya bati, ile rangi ya kutangulizia, ndani ya kopo la maziwa, ameizimua kwa tina, na hela akakataa kwa heshima ya Baba. Nikapaka. Hee! Kabla sijageuka, boneti limekunjamana kama utando wa maziwa ya moto. Kumbe tina inakula plastiki! Beda miaka ishirini anapaka vyuma, angejulia wapi? Nililia, sikufichi. Nikaliacha siku mbili likauke kabisa, kisha nikalisugua kwa msasa na maji, taratibu, hadi mikunjo ikaisha. Kona moja ya boneti imebaki na kovu.

Safari ya pili tukaiacha tina. Beda akanitafutia rangi ya mafuta, ile ya milango, nikaipaka nyembamba kama alivyonielekeza. Rangi ikakimbia! Ikajikusanya matone matone, katikati vitundu vya duara kama macho ya dagaa, plastiki inachungulia humo. Nikafuta, nikapaka tena, ikakimbia tena. Nikadhani ni baridi, nikalipasha juani. Nikadhani rangi imeharibika, Beda akanibadilishia kopo. Nikafika mahali nikadhani ni kijicho cha mtu.

Sasa ucheke. Kwenye karatasi yako mchoro wa kwanza ni karai, mikono miwili na mapovu. Mimi nikaelewa: nawa kabla ya kazi, kama mtu anavyonawa kabla ya kula. Basi kila siku nanawa, na siku nyingine natia udhu kabisa ili mambo yawe mepesi. Beda alipoiona akasema, "Dada Mwanaheri, hapa wanaosha gari, siyo mikono." Aibu niliyoona! Na sabuni ilivyo adimu, duka la ushirika tunapanga foleni tangu Mei na tunarudi mikono mitupu. Nilikuwa na nusu mche niliouficha kwa ajili ya nguo za Baba za kwendea hospitali. Nikaumega. Nikaliosha lori hadi ukilipitishia kidole linalia, nikaliweka mezani likauke, na asubuhi nikapaka. Ikakimbia!

Ndiyo nakuuliza, umetuletea plastiki ya namna gani? Muulize aliyekuuzia. Najua barua hii itachukua wiki tano na jibu lako wiki tano, na jicho la Baba halina wiki kumi. Lakini nisipokuambia wewe nitapasuka.

Jumapili, 21 Juni

Barua sikuipeleka posta, wacha niongeze. Mwizi wa rangi yangu nimemkamata.

Jumatatu alfajiri nilikwenda kuchota maji, nikakuta bomba limekauka, nikarudi mapema. Nikamkuta Baba kwenye kiti changu cha kushonea, lori liko mapajani, mkononi ana kitambaa na kichupa changu cha mafuta ya cherehani. Analifuta. Bodi, milango, gurudumu moja moja, vile vile alivyokuwa akilifuta lile kubwa kabla ya safari. Unaukumbuka msemo wake, gari halitoki bila kupanguswa mafuta? Kumbe kila alfajiri! Nami nilikuwa nikiona kichupa kinapungua nikamshuku shangazi Kulsumu bure.

Hasira zilinipanda, kisha zikashuka zenyewe, nikakaa chini. Ningemwambiaje, kwamba mafuta yake ndiyo yanayoikimbiza rangi, na jicho lake halilioni hilo? Nikasema tu, "Baba, lori bado liko gereji, linapakwa rangi." Akalirudisha mezani pale pale, akajifuta mikono. "Ungesema tangu mwanzo, mwanangu. Gari likiwa kwa fundi rangi, dereva hakai nalo." Na kweli, hakuligusa tena.

Nikaliosha kwa kipande cha mwisho cha sabuni, mara mbili, na kulishika nikalishika kwa kitambaa kikavu. Nikapaka mkono wa kwanza, mwembamba, nikalifunika kawa la chakula lisiingie vumbi. Roho juu! Nafunua nachungulia, nafunika, nafunua tena, hadi shangazi akanifukuza chumbani. Imeshika, Lukmani! Jumatano nikapaka mkono wa pili, Ijumaa nikaandika yale maneno kwa njiti ya kiberiti niliyoichonga.

Leo mchana, jua lilipokaa vizuri mlangoni, nikampa. Akalisogeza hadi karibu na jicho la kulia, akaligeuza kwenye mwanga. Akasoma kwa sauti, "Wasiwasi wa nini," akacheka kidogo. Kisha akafika mlango wa kushoto. Akapitisha kidole gumba mara moja, mara ya pili. Nikajua rangi inabanduka.

"Hapa pamekosewa," akasema. "Mkwaruzo wa Lukmani uko wapi?"

Unaukumbuka? Ulikuwa na miaka saba, ukalegeza breki ya mkono kule Kaoze, lori likashuka lenyewe na mlango ukakwaruza ukuta wa ghala. Miaka yote ile alimkataza Beda asiuzibe, sisi tukidhani ni ubahili.

Basi mimi niliyehangaika mwezi mzima kutafuta rangi isiyo na doa, nikachukua sindano ya cherehani nikaichana rangi yangu mwenyewe. Naye ananielekeza: anza hapo, shuka, iishie kwenye kitasa. Sasa amekaa nalo barazani na kidole hakiondoki pale.

Jioni hii shangazi alipoingia, Baba alimwitikia kwa jina langu. Sijui kama ni sauti alikosea au ndiyo tayari mwanga umeondoka. Nimeogopa kumuuliza.

Shangazi Kulsumu anakusalimu na anasema usiache kuvaa sweta. Beda na mkewe Marsiana wanakusalimu, na Beda anaomba umuulizie huko wanapaka nini plastiki. Mungu akulinde ugenini, akupe kufaulu, na akufungulie njia hata ya likizo fupi. Baba hajaniambia nikuandikie hili, naliandika mwenyewe: mkwaruzo wako ameupata. Bado wewe.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na nikugombezaye, kucha bado zina kijani,

Mwanaheri Uledi