Ubeti wa Beseni

Machi 3

Mama yangu,

Shikamoo. Kifua kinasemaje? Ukiniambia "kipo tu" sikubali, nataka jibu la kueleweka. Mimi mzima, ila masikio yananivuma tangu jana, na hiyo ndiyo habari yenyewe.

Unamkumbuka Bolti, fundi magari niliyekuja naye nyumbani mwaka jana, yule uliyesema anakula kama ametumwa. Wenzake wakishafunga gereji tunasogeza magari mabovu pembeni, yeye anakaa kwenye dramu, mimi nashika gitaa na kuimba. Ni sisi wawili tu. Spika yetu imepasuka na hatutaki kuitengeneza, maana ule mlio wa kukwaruza ndio watu wanaoupenda. Tunajiita Oili Chafu. Cheka tu, nimekuruhusu.

Tulianza kwa kumwimba mwenye nyumba anayewafungia wapangaji maji, tukawaimba wauguzi wanaokesha kwa mshahara wa mwezi juzi. Sasa kuna wimbo mmoja umewaka kweli, "Mkaguzi Anakuja". Redio wanaupiga, watu wanarushiana kwenye simu. Ni kile kisa ulichonisimulia likizo: mkaguzi wa afya akitarajiwa kiwandani kwenu, msimamizi anafungulisha madirisha, na beseni la pinki linapita mezani likiwagawia barakoa mpya. Mkaguzi akitoka getini tu, beseni linapita tena, mnazirudisha zote, mnaendelea kujaza unga wa rangi kwenye makopo na kuuvuta puani. Ubeti wa tatu wote ni beseni.

Na tumealikwa kupiga huko kwenu, uwanja wa mpira, Jumamosi tarehe 4 Aprili. Utakuja kunisikiliza?

Mwanao,
Kitindamimba


Machi 11

Mwanangu,

Marahaba. Kifua kipo tu, na hilo ndilo jibu lako. Wimbo wako nimeupata kabla ya barua. Mama Pacha, tunayekaa naye meza moja kazini, alinisikilizisha kwenye simu yake wakati wa chai. Hakujua ni wewe. Kwa kelele zile hata mimi niliyekuzaa ilinichukua muda. Ulipofika kwenye beseni, chai ikanipalia.

Wewe mtoto una akili kweli? Viwanda vingapi vina beseni la pinki? Msimamizi ameusikia, na anajua habari hiyo imetoka kwetu wanawake wa chumba cha kujazia, kwa sababu wengine beseni hawalijui. Sasa simu zetu zinabaki getini, na jioni anataka tuzifungue mbele yake aone nani anampigia nani. Kwa hiyo usinipigie, wala usinitumie ujumbe. Mpe barua dereva wa basi, na yangu nitampa yeye.

Nimebakiza miezi tisa nistaafu. Wakinifukuza leo kwa kutoa siri za kiwanda, kiinua mgongo changu chote kimeota mbawa. Miaka ishirini na sita ya kuvuta vumbi, nitoke mikono mitupu kwa sababu binti yangu kapata gitaa? Utoe ubeti huo. Mwimbeni mwenye nyumba. Imbeni mapenzi kama watu wengine.

Mama yako, roho juu


Machi 16

Mama,

Shikamoo tena, ingawa najua utaiitikia ukiwa umenuna.

Nimekaa na Bolti tukalizungumza. Anasema tukiutoa ubeti ule tunabaki na kelele tupu, na mimi naona hivyo hivyo. Jina lako hatukulitaja, wala la kiwanda. Tumeandikiwa na watu wa kiwanda cha viatu kwamba kwao ni sanduku, na wa saruji kwamba kwao ni ndoo. Kila mmoja anadhani tumemwimba yeye.

Na nikwambie jambo jingine. Siku uliyonisimulia habari za beseni ulicheka mpaka ukaanza kukohoa, ukakohoa mpaka ukashika ukuta. Mimi nilicheka na wewe, halafu nikaenda chooni nikalia. Ubeti ule niliuandika kwa hasira ya siku ile. Mwenye kosa ni anayewanyang'anya barakoa, siyo anayelisema. Usiniambie niimbe mapenzi, mama. Ubeti siutoi.

Mwanao,
Kitindamimba


Machi 24

Mwanangu,

Leo sina salamu nyingi. Mama Pacha amesimamishwa kazi. Yeye ndiye aliyekuwa akilipitisha beseni, kwa hiyo wameamua mdomo uliosema ni wake. Ameitwa kwenye kikao Alhamisi tarehe 2, na hakuna asiyejua kwamba ni kikao cha kumtoa kafara.

Juzi nilimpitia kwake. Pacha wake walikuwa sakafuni wanafanya kazi za shule. Akanimiminia chai, akaniuliza, "Yule binti yako mwenye gitaa yuko wapi siku hizi?" Nikamwambia yupo tu, huko mjini. Akasema, "Mwambie anaimba vizuri." Akanisogezea sukari. Mwanangu, nilitamani anitukane.

Nami nikanywa chai yake, nikaaga. Naona haya, lakini woga umezidi haya. Nikijitaja nimepoteza kila kitu, nisipojitaja namla mwenzangu mzimamzima. Sijui nitafanya nini, na wewe huko unapiga gitaa.

Basi nakupigia magoti, mimi mama yako. Jumamosi hiyo msiuimbe ubeti ule. Kiwanda ndicho kilichotoa jukwaa, na mkurugenzi mwenyewe atakuwepo. Ukija, usifike nyumbani. Ukiniona uwanjani jitie hamnazo, usinisalimie, usinitazame mara mbili. Wakituona pamoja nimekwisha.

Mama yako


Aprili 2

Mwanangu,

Hujanijibu, na nimekuelewa. Umeshika msimamo wako. Ushike hivyo hivyo.

Leo niliingia kwenye kikao cha Mama Pacha bila kuitwa. Msimamizi akaniambia nirudi mezani kwangu. Nikamwambia, "Aliyesema ni mimi. Anayeimba ni binti yangu, kitindamimba." Mama Pacha akanivuta gauni: "Keti, usijiharibie." Sikuketi, kwa sababu ningeketi nisingeinuka tena. Wakaniuliza kama najua ninachopoteza. Nikawaambia najua kuliko wao, na kama wimbo ni uongo basi walilete beseni tulitazame wote. Hakuna aliyekwenda kulileta. Nimefukuzwa palepale, kiinua mgongo hakuna. Mama Pacha anarudi kazini Jumatatu.

Sitakudanganya, nimelia njia nzima. Sijui nitaishije na naogopa sana. Simu yangu wameizuia, nimejaribu kukupigia kwa ya Mama Pacha, hupatikani. Basi nikakaa hapo kwake nikausikiliza wimbo wako mpaka mwisho. Mara zote nilikuwa nauzima kwenye beseni. Umesema kweli, mwanangu. Hata ile namna ya kupokonywa barakoa bado ina joto la mdomo, sijui uliijuaje, mimi sikukuambia.

Jumamosi tunakuja chumba kizima cha kujazia. Wenzangu wamesema watasimama nami mbele kabisa, mkurugenzi akiwa ameketi palepale, na nimewaambia wote wangoje ubeti wa tatu. Uimbe kwa sauti yote uliyonayo. Nitazame nijue umeniona. Nimetoa kazi yangu ili niusikie nikiwa nimesimama na watu wangu, na kingine sitaki.

Dereva anapiga honi, nakimbia kumpa hii.

Mama yako, anayejivunia wewe


Aprili 5

Mama yangu,

Shikamoo. Nakuandikia tukiwa njiani, mji wa tatu sasa. Chumbani kwangu sijafika tangu Jumatano, na simu ilinitumbukia kwenye ndoo ya oili gereji, Bolti amesema tuizike. Nisamehe kwa kutokujibu. Kila nikishika kalamu namwona Mama Pacha na chai yake, machozi yananitoka.

Lakini jana umejionea mwenyewe. Nilikutii. Bolti ameniita mwoga, nikamwambia mama ninaye mmoja. Mpaka sasa hatusemeshani, tunapiga tu.

Nilikuona tangu tunapanda jukwaani, uko mbele kabisa na kitambaa chako cha kijani, wenzako wamekuzunguka. Nikageuza macho upesi, kama ulivyoniagiza. Tulipomaliza ubeti wa pili mkanyamaza nyote kwa pamoja, nikasikia mpaka jenereta. Nikajua wale wanawake wanalingojea beseni, na mkurugenzi alikuwa ameketi hapo hapo kando, anakutazama wewe. Nikamkonyeza Bolti, tukauruka ubeti wa tatu tukaingia kwenye kiitikio.

Niliiba jicho mara moja tu. Mwanamke mmoja alikuwa amekushika bega, na wewe unanikodolea macho, hupigi hata makofi. Nikasema moyoni, huyu mama anajua kuigiza kuliko mimi. Tukashukia nyuma ya jukwaa moja kwa moja mpaka garini, ili asije mtu akatuona pamoja.

Habari ya Mama Pacha inanitafuna. Nitakwenda kwake mwenyewe kumwomba radhi, hata akinifukuza mlangoni. Ila wewe vuta pumzi sasa. Hakuna aliyejua, kazi yako iko salama. Malizia miezi yako kwa amani, uchukue kiinua mgongo chako, na siku hiyo nitakuja nyumbani nikuimbie wimbo wote, ubeti kwa ubeti.

Mwanao mtiifu,
Kitindamimba