Bahasha Niliyoibeba Jumuiyani

Njambi, nimejiaibisha jumuiyani, kwenye sala zetu za nyumba kwa nyumba, tena mbele ya watu kumi na wawili.

Leo ilikuwa zamu yangu kufafanua Neno la Mungu, nyumbani kwa kina Wachira huku Loresho. Nilichagua Petro kutembea juu ya maji. Nikaeleza kwamba bahari ni moyo wenyewe, upepo ni shaka, na Kristo anayeita yumo ndani yetu. Nilikuwa na kurasa nne zilizopigwa chapa. Nne.

Mama Veronicah, yule anayeuza matumbo Dagoretti, akauliza, "Na wewe, mwalimu wetu wa leo, upepo wako ni upi?"

Mimi, mtu wa maabara, ninayewakabidhi wagonjwa majibu na kuwaambia wasiogope. Nikasema ukweli: majibu ya uvimbe wa titi langu yamo mkobani tangu Jumatatu, na sijafungua bahasha.

Mama Veronicah akasema, "Angalau Petro alishuka kabla hajazama. Wewe, dadangu, bado umekaa ndani ya mashua ukitufundisha kutembea majini."

Ukitufundisha kutembea majini, Njambi. Hata padri hajawahi kuninyamazisha hivyo.

Nikatoka, nikakaa kwenye gari. Kurasa nimeziacha kwa kina Wachira. Nikasema tu, "Niokoe," kama mtoto, basi. Nikatulia kabisa. Ndipo nikafungua.

Si saratani.

Lakini nilitulia kabla ya kusoma. Sina maelezo ya hilo, na unajua linavyoniudhi.