Wanawake Watano Ukutani

Mpimbwe, 1976

Shangazi yangu,

Leo ni arobaini yako, nami nimekaa chini ya ukuta wako, udongo umenikaukia hadi viwikoni. Kwanza nina kosa la kukiri.

Ulipolazwa kwa homa uliniachia ukuta wa kanisa letu la kigango nimalizie mavazi tu. Ulikuwa umemchora Bibi Sesilia, jirani yetu, mara tano kutoka kwenye kona hadi mlangoni: kijiji cha zamani akiwa na mumewe, kisha peke yake juu ya lori la operesheni ya kuhamia vijijini, chini ya turubai linalovuja, akilima, akivuna mpunga. Hukuweka mstari wa kutenganisha. Uliagiza kanga nyekundu kwa wote. Mimi nikaona huo ni ukata wa rangi, nikampa kila mmoja ya kwake: bluu ya kufulia, kijani cha majani, vyote nilivyopata. Nikajiona fundi kweli. Ukafariki hujaiona kazi hiyo, na Mungu anisamehe, kuna siku nilishukuru.

Maana Jumapili waumini walisimama wakahesabu. Mume mmoja, wake watano, tena kwenye ukuta wa kanisa. Vijana walicheka hadi misa ikachelewa, katekista akanuna, wazee wakaamua upakwe chokaa Jumamosi. Nililia kuliko siku ya mazishi. Nyumba zote ulizozipamba tuliziacha kule tulikotolewa, na mvua imeshazibomoa. Kazi ya mkono wako imebaki hii tu.

Ndipo nikakumbuka jibu lako nilipokuuliza kwa nini mtu mmoja mara tano. Ulisema, "Hii haitazamwi umesimama. Itazame ukitembea." Nilidhani unanitania, kwani lini hukunitania? Nikashuka mtoni kuchimba udongo mwekundu, nikawarudishia wote kanga moja. Kazi ya siku mbili, mgongo wote ukagoma.

Ijumaa nikamwita Bibi Sesilia mwenyewe, na katekista nikamwomba awepo. Bibi akaanza kwenye kona, polepole, kiganja ukutani. Kwenye lori alisita, maana mumewe alifariki wiki moja kabla ya kuhamishwa, naye Bibi akamwacha kaburini kule. Akaendelea hadi kwenye mpunga. Nikajua amemaliza.

Kumbe akageuka. Mpunga, jembe, turubai, lori, akarudi mpaka kwa mumewe, aliyesimama pale kwenye kona mzima kabisa. Akakaa naye pale. Kisha akasema, "Kumbe kurudi kunawezekana." Katekista alijifuta macho, akaagiza chokaa ipelekwe kwenye vyoo vya shule.

Shangazi, uliwezaje? Nimekupondea udongo miaka mitatu bila kujua tulikuwa tunaweka jana na leo pamoja, na hakuna inayoifukuza nyingine. Tangu siku ile naogopa brashi. Naiogopa kama ninavyoogopa altare, na bado mkono unaitafuta.

Pumzika, mama yangu wa pili. Wameniomba nichore ukuta wa zahanati, na nimekubali. Nakuahidi nitakuchora wewe, tangu ulipokuwa msichana hadi kitanda kile cha mwisho, kwa kanga moja. Na kila nitakapokukosa, nitaanzia kitandani nirudi nyuma.

Mtoto wa kaka yako,
Yustina