Kadi ya Mzee wa Nyumba

Kerman, mwezi wa Aban, mwanzo wa baridi

Dada yangu mkubwa, Turan,

Salamu za heshima zikufikie huko Yazd. Niwie radhi kwa kimya cha miezi saba. Barua zako tatu nilizipokea na sikuzijibu, na kosa ni langu peke yangu. Vipi macho yako? Kifua cha shemeji kimepoa? Mimi ni mzima. Tangu serikali ya Shah iliporuhusu afyuni kwa waliotimiza miaka sitini, hakuna mzee wa Kerman ambaye afya yake haitunzwi.

Utaratibu unaujua: daktari huthibitisha kwamba mzee ni mvutaji wa siku nyingi, mzee hupewa kadi, na duka la dawa humpa mgawo wake. Nia ilikuwa kuwasitiri wazee na kuwakomesha wauzaji wa vichochoroni, ambao sasa hupigwa risasi. Kilichotokea ni kingine kabisa. Afyuni haikuwa ngeni hapa, lakini ilivutwa kwa haya, mlango umefungwa. Leo ina muhuri. Kila Jumamosi wajukuu huwabeba babu zao mgongoni hadi dirisha la duka la dawa, na kabla ya adhuhuri mgawo uko mikononi mwa wajukuu. Wiki iliyopita muuza vitunguu alimpigia kelele mmoja wao amshushe babu taratibu: “Huo mzigo wa serikali, ukivunjika hupati mwingine!” Foleni nzima ilicheka, na babu mwenyewe akacheka.

Jirani yetu Bibi Golabatun alizoea kuwekewa ukoko wa wali na mkaza mwanawe. Tangu apate kadi, anamenyewa komamanga punje kwa punje. Aliniambia bila aibu kwamba angelijua, angelianza kuvuta akiwa bibi harusi.

Mashadi Rahim, mfinyanzi, alifariki mwezi uliopita. Wanawe walimzika kimya kimya, bila halua, bila kisomo cha siku ya tatu, ili jina lake lisifutwe kwenye orodha. Nilipokwenda kutoa pole, mwanawe mkubwa alinimiminia chai, akaniambia kwamba baba amejilaza kidogo, nirudi Ijumaa. Nimefundisha sarufi miaka thelathini na minne, na tofauti ya kujilaza na kulazwa naijua. Nilikunywa ile chai.

Najua unangoja habari za Jamshid. Nilikuandikia kwamba mwanao anaendelea vyema kwa wafumaji wa mazulia. Ulikuwa uongo, dada. Walimfukuza kabla ya mwaka mpya, kabla ya Nowruz, kwa sababu ya afyuni. Mtu aliyekuwa akimwuzia alikamatwa, akapigwa risasi, nami nikaona zamu ya Jamshid inakuja. Basi nilivaa koti langu la shule, nikaenda kwa daktari, nikaapa kwamba nimevuta miaka ishirini. Daktari huyo alikuwa mwanafunzi wangu. Aliniuliza, “Hata wewe, Mwalimu?” Kisha akaandika upesi bila kunitazama, akaniambia nisione haya, sote ni binadamu. Mimi, ambaye sijapata kugusa hata tumbaku, nilimshukuru.

Kadi hiyo ndiyo inayomlisha mwanao, na katika wote ninaowachukia mjini humu, wa kwanza ni mwenye kadi hiyo. Jamshid ananifunika blanketi, ananipunguzia chumvi kwenye supu, ananishika mkono kwenye ngazi. Juzi nilisinzia baada ya chakula cha mchana. Nilipozinduka, nilimkuta ameinama juu yangu, ameshika kioo cha kunyolea mbele ya pua yangu kuona kama kinapata ukungu. Alijichekesha akasema, “Usinitishe hivyo, mjomba. Ukifa wewe, na mimi nimekwisha.”

Jumamosi ijayo kadi inahuishwa. Nikiirudisha, atarudi vichochoroni. Nikiihuisha, nitaendelea kumwua kwa idhini. Hospitali moja ya Tehran imekubali kumpokea, lakini yeye hataki kusikia. Wewe ni mama yake. Ilikuwa haki yako kujua kabla yangu.

Mpe shemeji heshima zangu, na uwabusu wajukuu vipaji vya nyuso.

Nitakuandikia mara nitakapoamua. Barua ikichelewa, usimwulize Jamshid kama mimi ni mzima. Njoo uangalie mwenyewe.

Ndugu yako mdogo,
Esfandiar